Mabomba Mawili

Langu ni hili la mgongoni.
Kilo kumi na mbili kabla ya salfa,
mikanda nimeishona kwa mpira wa baiskeli.
Lita moja, mikorosho thelathini, upepo ukiwa umelala.
Halijawahi kunywa kwa mkopo.

La pili limelala chini ya shamba la Nampota,
limefukiwa, nyasi zimeota juu yake,
hulisikii hata ukiweka sikio.
Gesi inapita humo kwenda Dar.
Inapita tu,
kama mkwe asiyeamkia.

Jumamosi tuliitwa darasa la nne.
Tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni.
Ubaoni hesabu za kugawanya hazijafutwa;
mgeni akabandika ramani juu yake.
Duara jekundu, kisima kipya.
Duara la kijani, sisi.

Chikawe wa bodaboda akasimama wa kwanza:
"Wachimbe! Wachimbe hata uvunguni mwa kitanda changu!
Lita tano juzi zimekula elfu ishirini,
na abiria ananipa nauli ya mwaka juzi.
Mali iko chini, sisi tuko juu yake
tunasukuma pikipiki kilimani kama tunasukuma maiti!"
Vijana wakapiga madawati:
bomba! bomba!

Nampota hakusimama.
Alikunjua karatasi iliyochanika kwenye mikunjo.
"Walihesabu mikorosho kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili wakasema ni kichaka.
Kichaka hicho kilimsomesha Zamoyoni mpaka Ndanda.
Mimi sina ugomvi na gesi.
Nina ugomvi na aliyehesabu."

Nikanyoosha kidole, kama mtoto wa darasa lile.
"Somoe Hokororo, mpulizaji.
Mkishachimba,
chupa ya petroli kwa Mnali pale njia panda
itauzwa shilingi ngapi?"

Mgeni akatabasamu, upole wa mtu aliyechoka.
"Mama, itakayotoka hapa ni gesi.
Petroli inakuja kwa meli."

Hapo hata Chikawe alinyamaza.
Kwa meli. Kutoka wapi? Mbali.
Na bei? Inapangwa hukohuko mbali.
Kumbe tumekalia jiko
na moto tunaomba nyumba ya saba.

"Lakini gesi nayo inaendesha magari," mgeni akaongeza,
"ukifunga mtungi."
"Na pikipiki?" Chikawe akauliza.
"Na bomba la mgongoni?" nikauliza.
Akasema ni maswali mazuri.
Akayaandika.
Nimeona maswali mengi mazuri yakiingia kwenye daftari,
sijaona hata moja likitoka.

Wanaotaka, mikono juu.
Nikanyoosha, maana mwanangu Likapa ana cheti na hana kazi,
na lango la kisima litahitaji mtu wa kulifungua.
Wasiotaka, mikono juu.
Nikanyoosha tena, kwa ajili ya ile karatasi ya Nampota.
Karani akanihesabu mara mbili.
Labda hakuona.
Labda aliona, na yeye pia ana mikono miwili.

Leo saa kumi alfajiri niko shambani kwake.
Umande umeshika maua; ubwiri unga hausubiri muhtasari wa kikao.
Nimevuta kamba mara tatu, injini ikakubali,
vumbi la salfa likapanda, la manjano hata gizani,
nikalionja kwenye meno.

Nimemaliza safu zake, nikafika pale nyasi zinapoanza.
Pembeni kabisa kuna kisiki.
Kimechipua matawi manne, moja lina maua.
Hakimo kwenye malipo yangu
na hakikuwamo kwenye malipo ya mtu yeyote.

Nikainua mdomo wa bomba.
Chini ya soli zangu lile lingine likapitisha yake, kimya.
Vumbi lilifika tawi la tatu,
injini ikakohoa, ikazima.

Nikatikisa chupa sikioni.
Kulikuwa na sauti kidogo.
Sikujua kama ni petroli
au ni umande.