Toleo la Nne

Mama huwaambia majirani kule Uru
kwamba mwanawe anaandika kodi.
Wanadhani niko mamlaka ya mapato.
Nikipita wananiamkia kwa woga kidogo,
mmoja alinifungia mkungu wa mshale.
Sijawasahihisha. Ndizi nilizila.

Ofisi yetu iko Moshi mjini, juu ya duka la vipuri:
ngazi za chuma, harufu ya grisi na matairi mapya,
watu wanne, meza mbili, feni moja
inayokohoa umeme ukipungua.
Dirisha la kaskazini lina mlima siku likipenda.
Siku nyingi lina mawingu, nasi tuna kazi.

Mwaka wa kwanza niliandika peke yangu,
usiku, masikio nimeyaziba, mlango nimeufunga,
nikiamini kazi ya mtu mmoja haina ugomvi.
Ni kweli, haina ugomvi.
Haina pia wa kukuuliza.

Mbonea aliuliza.
Ajira yake ni kuvunja tunachojenga:
pa kubonyeza mara moja anabonyeza kumi,
anajiandikisha kwa jina la herufi mia,
anakata mtandao katikati ya neno.
"Na simu ikizimika, ndoo iko kwenye mizani?"
Nikamjibu, haitazimika.
Alasiri ile ile nikaliachia toleo la tatu.

Ilizimika.
Simu ya karani wa maziwa, chaji asilimia moja,
saa kumi na mbili na robo asubuhi,
kina mama kwenye foleni na madumu yao.
Lita mia mbili na kumi na sita
zilipimwa, zikamiminwa kwenye tangi,
zikashuka mjini, zikawa mtindi,
na kwenye skrini yangu
hazikuwahi kukamuliwa.

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni: kosa ni la betri.
Shamimu, mgeni wa mwezi ule,
aliyekuwa bado anaomba ruhusa ya kuketi,
alichukua daftari na kalamu mbili.
"Si twende tukawaulize?"

Tukapanda wote wanne. Mvua ilikuwa imekatika,
udongo ukatuvua viatu katikati ya migomba.
Nyumba hii lita sita. Ile nne na nusu.
Mama Ndewirwa hakuwa na risiti.
Alikuwa na kopo la mafuta ya kujipaka, ndani mna mahindi,
lita moja punje moja, tangu Jumatatu.
Alizimwaga kwenye ungo, akazihesabu mbele yangu
taratibu, bila kunilaumu,
kisha akauliza kwa nia njema kabisa,
"Na nyie huko mjini mnahesabia nini?"
Aikande alicheka hadi akashika mgomba.
Mimi sikuweza.

Toleo la nne tuliliandika kwenye meza moja,
viwiko vikigongana.
Kila lita ilale kwanza ndani ya simu yenyewe,
mtandao uwepo usiwepo,
ndipo skrini iseme asante.
Sehemu hiyo ya kodi tuliipa jina: kopo.
Mbonea akachomoa betri ya simu kuukuu mara arobaini.
Ya thelathini na tisa ilivuja lita moja.
Tukaanza upya. Hakuna aliyemwambia haitatokea.

Desemba nikapewa barua. Mhandisi Kiongozi,
muhuri wa bluu, nyongeza ya kutosha
bando na nusu ya mabati ya mama.
Iko kwenye droo, chini ya chaja.
Zamani nilidhani kiongozi ni yule
ambaye hakuna anayemkagua.

Leo Shamimu ameisoma kazi yangu kabla haijatoka.
Mstari wa themanini na mbili ameacha maneno manne:
"Dada, umelisahau kopo."
Akainua macho kuona kama nimekasirika.

Nimekasirika, ndiyo. Kama dakika moja.
Halafu nimevuta kiti cha pili,
kile chenye mguu unaocheza,
nikakiwekea karatasi chini.
Kaa, nimemwambia. Nionyeshe.