Kielelezo Namba Saba

Saa nane usiku, bonde la Tarkill limelala,
na Verlin Stidham amepiga goti barabarani,
sikio kwenye fimbo ya chuma,
fimbo kwenye vali, vali kwenye bomba
lililozikwa mwaka aliozaliwa baba yake.
"Sikiliza," ananiambia.
Nasikia kama mtu anayembembeleza mtoto, shhh,
mtoto asiyekusudia kunyamaza.

Mimi ni mkaguzi. Nimetumwa na Tume ya jimbo,
mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka mji mkuu,
na fomu ya kurasa arobaini na mbili.
Katika kila lita mia zinazotoka mtamboni
sitini na nne hazifiki kwa mtu.
Kwenye kisanduku nimeandika: upotevu.
Verlin anakataa. Hazijapotea, anasema,
zenyewe zinajua zilipo, sisi ndio hatujui.

Maji yakimwagika hayazoleki, nililelewa hivyo.
Hapa nimejifunza kwamba hulipiwa.
Yaliyozama chini ya kanisa la Wabaptisti,
yaliyootesha majani mabichi katikati ya Januari
kando ya reli ya makaa isiyopita treni tena,
yote yamo kwenye ankara ya Oneida Ratliff,
mjane, nyumba ya mwisho kilimani,
ambako bomba hukohoa kabla ya kutapika.
Na chini ya ankara, mstari wa majitaka,
bomba ambalo halijawahi kufika kwake.

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi wa shule.
Makamishna waliketi chini ya goli la mpira wa kikapu.
Bodi ya wilaya ya maji ilikuja na mwanasheria,
mwanasheria akaja na maji yake ya dukani.

"Kwa nini hamkupandisha bei miaka kumi na minane?"
Delmer Crum, mwenyekiti, alivua kofia.
"Kwa sababu tunaishi hapa."
"Na kwa nini hamkubadilisha mabomba?"
"Kwa sababu hatukupandisha bei."
Watu wakacheka,
kicheko kile cha matangani, cha kukata pumzi.

Oneida alipewa dakika tatu. Alitumia moja.
Aliweka mezani chupa ya jemu,
ndani yake rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
"Ya leo asubuhi," alisema. "Nilitaka kuoga nije kwenu."
Karani akatafuta gundi, akabandika karatasi:
Kielelezo Namba Saba.

Kisha mwanasheria, kwa adabu, kama anayeuliza njia:
"Na ukaguzi uliotangulia, miaka sita nyuma,
uliosema wilaya hii iko sawa, ulisainiwa na nani?"
Kurasa zikafunuliwa.
Saini ilikuwa yangu.
Tarkill niliikagua kwa simu, Ijumaa, mvua ikinyesha,
nikamuuliza mtu kama kila kitu ni salama,
naye akanijibu kama unavyomjibu mtu anayekuuliza hujambo.

Amri ya Tume ina kurasa kumi na tisa.
Bei ipande asilimia ishirini na sita.
Ripoti ya uvujaji kila mwezi.
Wajumbe wa bodi wasome saa sita darasani.
Verlin apatiwe msaidizi, fedha zitakapopatikana.
Chupa imetajwa mara moja, tanbihi ya thelathini na moja.

Jana niliteremka kwenye chumba cha kumbukumbu.
Ipo rafu ya nne, kati ya ramani na kanda za sauti.
Tope limetua. Juu maji yameng'aa,
ungeyapigia picha, ungemnywesha mgeni.
Chini, unene wa kidole,
bonde zima limekaa kimya.

Kanuni inasema kielelezo kisiguswe.
Nilitazama mlangoni.
Nikakitikisa.