Kiti Arobaini na Tatu

Tiketi ninayo bado, imejikunja mkobani
baina ya risiti ya hospitali na chupa ya dawa ya matone.
Behewa la saba, kiti arobaini na tatu.
Nimeiweka juu ya meza, hapa nyumbani Langoni,
waione wote wanaokuja kumpa Mama pole
kisha wakanigeukia mimi, macho yanang'aa:
"Na huko Bara Hindi, mulitembea?"

Tulitembea.
Tulitoka hospitali, tukaenda stesheni
mkesha wa sikukuu yao ya taa,
siku ambayo kila mtu katika nchi ile
alikuwa anarudi kwa mamake.
Mimi wangu nilikuwa naye, nimemshika mkono,
jicho moja limefungwa pamba na plasta.
Daktari alisema: asiiname, asibebe, asigongwe.
Asigongwe!
Laiti angekuja kusimama na sisi pale mlangoni
masanduku yakipita juu ya vichwa vya watu
kama majeneza yenye haraka.

Kiti arobaini na tatu kilikuwa na watu watano,
ndoo ya mtindi,
na mtoto aliyelala kama furushi lisilo mwenyewe.
Nikatoa tiketi. Bwana mmoja akaivalia miwani,
akaisoma mbele, akaisoma nyuma,
akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote,
na hakuinuka.

Kwetu ukisema simile, hata punda hujibana ukutani.
Nikasema simile.
Nikasema kwa Kiarabu changu cha chuoni,
nikasema kwa Kihindi nilichookota kwenye filamu
(nacho kina maneno ya mahaba na ya kisasi tu,
na usiku ule sikukosa la kuchagua).
Hewa ilikuwa ya kugawana.
Ukivuta wewe, mwenzio anangoja.
Habari ya vyoo nisiiseme, munakunywa kahawa.

Hapo wageni hucheka. Shekuwe hujipiga paja.
Mwanawetu huuliza, "Na mtindi je, haukumwagika?"
Nami huwaambia vile mwenye ndoo alivyojikunyata
hata ukapatikana upana wa kiganja,
Mama akaketi nusu, nusu akaning'inia
saa kumi na moja, mpaka kukapambazuka
kwenye mashamba tusiyoyajua majina.

Hapo ndipo ninapokomea.

Siwaambii kwamba kabla ya kiganja kile
kulikuwa na kijana, shati jipya, mkunjo wa dukani bado kifuani,
amebeba sanduku la karatasi la peremende
kalifunga utepe mwekundu, kaliinua juu ya kichwa
kama anavuka mto.
Alikuwa mbele yetu. Alikuwa njiani tu, kama sisi.
Nikampiga kiwiko.
Kwa kusudi, na kwa nguvu niliyokuwa nimeilimbikiza
tangu foleni ya kwanza.
Sanduku likapasuka. Peremende za maziwa
zikatawanyika chini ya miguu ya behewa zima
na hapakuwa na nafasi ya mtu kuinama aziokote.
Hakunitukana. Alishika ule utepe,
akaanza kuukunja, akaukunja taratibu
mpaka ukawa mdogo kama kidole,
akautia mfukoni.

"Kumeanguka nini?" Mama aliuliza.
"Hapana kitu, Mama. Pita."

Leo plasta imetoka. Mama amelala chali
anahesabu boriti za dari, moja moja,
anafurahi kwa kila moja kama amezaliwa nayo.
Wageni wameaga. Sahani ya halua ya Mwanawetu
imebaki kitandani, haijaguswa.
"Kisa chako kizuri," asema,
"lakini kila siku hukimalizi."
Nami nakumbuka
jicho lililofungwa lilikuwa moja.
La pili lilikuwa wazi usiku kucha.

Anaisogeza sahani kwangu.
Mkono wangu hauendi.