Mapipa Tisa

Niliulizwa jina, nikasema Mihayo.
Kazi: kuuza maji, mkokoteni na punda wawili.
Siku hiyo ulikuwa wapi? Nilikuwa uwanjani,
uwanja wa shule, hapa hapa Usinge,
upande wa goli la magharibi,
lile ambalo sasa lina mlingoti mmoja.

Bi Kokuhirwa aliandika bila kuniangalia.
Alikuja na futi kamba na kijana wa kupiga picha,
wakapima kutoka panga hadi mkia,
kutoka mkia hadi kiatu,
kiatu kimoja cha kahawia, kamba bado zimefungwa.
Wakachomeka vijiti vyekundu ardhini
kama watu wanaopanda mihogo.

Ilishukaje?
Ilishuka vizuri, nikasema,
vizuri mpaka usawa wa bati la darasa la saba,
hapo ardhi ikanyanyuka kuipokea.
Sijui niseme vipi. Vumbi la Septemba halitimki,
huamka. Liliamka lote kwa pamoja,
likala vioo, likala mlango,
likala watoto na vibendera vyao vya karatasi,
na ndani yake tukasikia kitu kinakata chuma,
kisha kimya,
kisha punda wangu mmoja akalia.

Rubani alitoka akitambaa. Fundi wake hakutoka.
Semboja, walisema. Mtu wa Korogwe.
Sijawahi kufika Korogwe.

Akageuza ukurasa.
Uwanja ulimwagiwa maji?
Ulimwagiwa.
Mapipa mangapi?
Mtendaji wa kata akanitangulia kujibu:
Ishirini, yamelipiwa, risiti ipo.
Na kweli risiti ipo. Dole gumba langu liko chini yake,
kwa wino wa zambarau.

Hapo ndipo aliponiangalia.
Nikatazama viatu vyake, vumbi mpaka kwenye kisigino.
Nikasema, ishirini.

Ripoti ilifika mwezi wa masoko. Mwalimu akatusomea:
injini ilikuwa nzima, mafuta yalitosha,
upepo haukuwa na neno.
Chanzo ni vumbi, lililomnyima rubani kuona ardhi.
Watu wakaitikia, vumbi, naam, vumbi,
kwa sauti ile ya kusema kazi ya Mungu.

Hakuna aliyekwenda na futi kamba bondeni,
kwenye kitalu changu, chini ya nyasi nilizotandaza.
Mapipa kumi na moja yalikwenda uwanjani.
Tisa yalinyweshwa miche ya tumbaku,
maana kisima kilikuwa kimebaki tope,
na deni la mbolea halijui kiangazi.

Ilistawi, tumbaku ile.
Mteuzi aliishika, akainusa, akaipa daraja la kwanza.
Nikalipa chama. Nikanunua bati kumi na mbili.

Mvua ikipiga bati hilo usiku
mke wangu hulala.
Mimi huhesabu matone kwenye ndoo inayovujiwa;
nikifika tisa, narudi moja.