Ipo, Iko

Innsbruck, orofa ya chini kabisa, saa saba na nusu usiku.
Tramu ya mwisho imekwisha kupita; sakafu imetulia.
Notburga Thaler anaweka kidole midomoni:
Zlatko, tafadhali, usiiwashe bado.

Zlatko Jurišić anaketi juu ya mashine yake ya kusugua sakafu
kama mtu aliyezuiwa njiani na maziko ya wageni,
viatu mkononi, maana ameambiwa hata nyayo zina kelele.

Ndani ya tungi la chuma hewa imenyonywa siku tisa
hadi imebaki hewa ya kuhesabu.
Katikati, punje ya kioo imeshikwa na mwanga tu.
Haina kamba, haina kitako.
Weka elfu moja juu ya kope, kope haitajua.
Lakini kwa wanaofanya kazi hii ni gogo, ni jabali:
atomi zaidi ya milioni mia, na zote
zinatakiwa kusahau, kwa pamoja, ziko wapi.

Wameipoza mpaka ukabaki ule mtetemo mmoja usiopozeka.
Kisha mwanga unazimwa. Punje inaanguka gizani.

Hapo ndipo maneno yananipungukia,
au tuseme yananizidi.
Kuna *ipo*: nakuonyesha kwa kidole.
Kuna *iko*: usiniulize upande gani.
Kuna *imo*, lakini hiyo niachie kwanza.
Gizani, punje haipo kushoto, haipo kulia,
wala huwezi kuapa kwamba haipo.
Iko.
Muda wa kupepesa jicho, iko.

Fisi wa methali alifika njia panda,
nyama ikanukia huku, ikanukia na huku,
akatanua miguu, akapasuka msamba.
Kosa lake si tamaa. Kosa lake ni mashahidi:
nzi, jua, vumbi, na sisi tunaomsimulia mpaka leo.
Molekuli moja ya hewa ikiigusa punje, imeona;
ikishaona, imesema;
na kilichosemwa kina upande mmoja.

Wanaiangusha, wanaidaka kwa mwanga, wanaandika ilipofikia.
Nukta. Nukta nyingine. Saa nane. Saa tisa.
Veit amelala paji likiwa juu ya kibodi,
daftari la skrini linajaa herufi h.
"Mnatafuta nini?" Zlatko ananong'ona.
"Mistari."
"Na isipotokea?"
"Kitatokea kichuguu kimoja. Na fedha zinaisha Machi."

Saa kumi na dakika arobaini nukta zimejipanga:
giza, nuru, giza, nuru,
hafifu kama kitambaa kilichofuliwa mno.
Hakuna aliyeshangilia. Kelele bado zilikatazwa.

Zlatko anatazama kwa muda mrefu.
"Kama kivuko cha waendao kwa miguu," anasema.
"Kile cha mbele ya stesheni, mvua imekifuta hivihivi."
Halafu: "Sasa naweza?"

Notburga anaangalia saa ya ukutani,
anaitikia kwa kichwa.
Zlatko anavaa kiatu, anavaa kingine, anabonyeza swichi.
Sakafu inanguruma, meza inatikisika,
mistari inalainika, inajaa, inakuwa kichuguu,
na punje, mle tungini (haya, sasa nalitumia)
imo,
ipo.
Pale.
Kushoto kidogo.