Taarifa ya Utekelezaji

Barua ya kwanza niliiandika kwa mkono
kwenye karatasi ya daftari la hesabu la Mihayo:
Sisi wana ngoma wa Tutuo tunaomba.
Mtendaji wa kijiji akaigonga muhuri, nikamnunulia soda.
Mtendaji wa kata akasema: ichapwe.

Ikachapwa Sikonge, shilingi elfu moja ukurasa,
kijana wa stesheneri akatukosea jina,
tukawa wana ngoma wa Tutuko.
Ikarudi.

Na wanzuki imeshatiwa mitungini.
Asali haisomi tarehe za serikali:
siku ya tatu inachemka, siku ya tano inaimba,
siku ya nane hata nyuki mwenyewe hawezi kuidai.

Fomu ina kurasa nne.
Aina ya tukio. Nikaandika: kushukuru mavuno.
Bi Restituta akanitazama juu ya miwani,
hiyo haimo kwenye orodha, mama.
Kuna tamasha, kuna mkutano wa hadhara,
kuna disko, kuna msiba.
Nikachagua tamasha, ingawa msiba ulikuwa karibu zaidi na ukweli.
Chanzo cha sauti: ngozi ya ng'ombe.
Nguvu ya spika kwa wati: Kasubi na wanawe wawili.
Idadi ya wahudhuriaji.
Hapo nilikaa sana.
Maana waliotangulia nao huja usiku ule,
bibi yangu Nyamizi huja, tunammwagia tone kizingitini.
Je, nao wahesabiwe vyoo,
tundu moja kwa watu ishirini na tano?
Nikaandika mia na ishirini.
Wanisamehe. Niliwapunguza.

Kisha bwana afya. Kisha polisi, nakala tatu.
Kisha mtungi wa kuzimia moto,
ambao ukaguzi wake uko Tabora mjini,
na nauli ya kwenda na kurudi
ni bei ya jogoo tuliyekusudia kumchinja.
Kisha namba ya malipo, na mtandao uko chini,
njoo kesho, njoo Alhamisi,
mwenye saini yuko semina Nzega.

Sitaki kumsingizia mtu. Bi Restituta si mbaya.
Alipandisha mkono wa gauni akanionyesha kovu:
jukwaa la mbao, harusi ya dada yake,
misumari mifupi, watu wengi.
"Hakuna aliyeuliza," akasema. "Hata mmoja."
Nikanyamaza.
Ila sisi hatuna jukwaa, nilitaka kumwambia.
Sisi tunacheza juu ya ardhi,
nayo haijaanguka bado.

Jumamosi ikafika, kibali hakijafika.
Wageni wa Ipole walishashuka na vikapu vyao.
Kasubi akazilaza ngoma kifudifudi
kama watoto wenye homa.
Tukakaa. Mwezi ukapanda, mzima, bila muhuri.

Ndipo shangazi Kalunde akainuka,
akatoa kinu, akamimina mtama.
Mchi wa kwanza: du.
Nikachukua wa pili. Binti wa Ipole, wa tatu.
Watatu kwenye kinu kimoja, hakuna mchi unaogusa mwenzake,
du, du-ka, du,
nyumba ya pili wakatoa chao,
nyumba ya tano, ya tisa,
mpaka miguu ya wanaume ikaanza kujisahau vumbini
na mitungi ikafunuliwa yenyewe.

Saa tano pikipiki ya askari ikasimama.
Akazima taa. Akasikiliza.
"Nyie mnafanya nini?"
"Tunatwanga, afande," akasema shangazi, jasho kidevuni,
wala hakukosa zamu yake.
Askari akatafuta neno, hakulipata.
Kutwanga hakuna fomu.
Akaondoka na kibuyu kidogo. Sikuona ni nani aliyempa.

Jumatatu kibali kikaja.
Mihuri minne, saini ya buluu, kizuri kabisa,
kinaturuhusu Jumamosi iliyopita
kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku.
Nyuma kimebanwa karatasi nyingine:
taarifa ya utekelezaji, irejeshwe ndani ya siku saba.
Mafanikio ya tukio.
Nimeketi nayo mlangoni, kalamu ya Mihayo mkononi.
Nimeandika:
unga wa mtama, debe kumi na moja.