Maswali Mgongoni mwa Stakabadhi

Korosho zilipopita mnadani, mwaka ule wa bei,
nilirudi Nanganga na stakabadhi ya chama mfukoni
na mambo mawili kichwani.
La kwanza lilikaa kati ya mapaja yangu:
busha la miaka kumi na moja,
lililonizoesha msuli hata siku za suruali
na kukaa upande, kama mgeni asiyepanga kulala.
La pili alilileta Bwana Makwinya kutoka mjini:
kware. Jozi mia moja na vizimba vyake,
na mkataba wenye muhuri wa bluu.
Fedha ilitosha jambo moja.

Somoe, mke wangu, hakubisha.
Alichomoa penseli ya mtoto kwenye daftari la hesabu,
akaigeuza stakabadhi, akaandika mgongoni mwake
kwa herufi kubwa za mtu aliyewahi kupunjwa mizani.
"Waulize wote wawili," akasema. "Yale yale.
Usiruke hata nukta."

Umefanya hili mara ngapi?
Uliowafanyia mwaka juzi wako wapi, nikawaone?
Nikikataa, nini kitanipata?
Likiharibika usiku, nani atakuja?
Wewe unapata nini mimi nikikubali?
Na la mwisho, alilolifuta mara mbili
mpaka karatasi ikawa nyembamba pale:
Ni kitu gani hukijui?

Makwinya alijibu kabla sijamaliza kusoma.
Mara ngapi? Hazihesabiki.
Wako wapi? Wamejenga, wamehama, hawana muda na wageni.
Nikikataa? Akautazama msuli wangu.
"Halafu, mzee, mayai mawili mabichi alfajiri
hushusha hata hilo."
Asichokijua? Alicheka,
akaagiza soda nyingine kwa hesabu yangu.

Kule Ndanda, Daktari Nambunga
alivaa miwani iliyofungwa kwa plasta.
Alifungua daftari, akahesabu kwa kidole,
akapotea, akaanza upya.
"Mia mbili na nne. Watatu vidonda vilioza.
Mmoja lilimrudia, tukampasua tena:
Mzee Chikoti wa Chikundi. Nenda kamuulize,
hasira zake kwangu hazijaisha.
Ukikataa hufi. Litakua tu.
Mshahara wangu ni ule ule, nikupasue nisikupasue."
Kisha akalifikia lile lililofutwa mara mbili,
akalisoma kwa sauti, akavua miwani.
"Sijui kama litarudi.
Sijui kwa nini wewe na si jirani yako,
na mbu ni wale wale."

Neno hilo nilitoka nalo, sijui,
nikalipapasa njia nzima
kama chenji iliyotimia.

Chikundi nilikwenda.
Mzee Chikoti alimtukana daktari nusu saa,
akamtukana na aliyemfundisha,
kisha akapanda baiskeli, akaenda zake kisimani.
Akapanda baiskeli!
Nilibaki uani peke yangu, natazama matairi yanavyoacha alama.

Siku yenyewe walinigeuzia maswali.
Jina lako? La baba? Unapasuliwa nini? Upande upi?
Nikaonyesha, wakachora kwa kalamu ya wino,
kisha akaja mwingine akauliza yale yale,
na mwingine. Nikaona kumbe hata wao
wana Somoe wao mahali fulani.
Muuguzi aliyekuwa akinishika mabega, niiname, nisitikisike,
akauliza moja ambalo halikuwa kwenye fomu:
"Baba, ukipona utafanya nini cha kwanza?"
Miaka kumi na moja nilikuwa na majibu mengi.
Nikayatafuta chini ya ile taa.
"Sijui," nikamwambia,
sindano ikaingia mgongoni.

Jirani yangu Likapendu alichukua wale kware.
Mimi sisemi kitu.
Makwinya hashiki simu tangu kiangazi.
Kila Ijumaa Likapendu huniletea mayai,
madogo, yenye madoadoa, kwenye kopo la maziwa.
Tunayachemsha. Tunayala kwa chumvi, kibarazani,
mimi nimekaa wima.
Hatuulizani.